Mlango wa Picha

Habari za kufungwa kwa grupu zilimkuta Mwalimu katikati ya somo. Alikuwa kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, simu mdomoni, akimweleza opereta wa simu wa hospitali moja ya mbali namna ya kuifanya simu isome ujumbe wa benki bila kuutangazia wodi nzima. "Vidole viwili, siyo kimoja," alikuwa akisema. "Na gusa taratibu, simu haijakukosea kitu." Ndipo mkewe akaingia kutoka kazini, akatupa mkoba mezani, akasema kabla hata ya kuvua viatu kwamba shirika limekubali, na kwamba grupu litafungwa Ijumaa.

Mkewe ndiye aliyeanzisha Msomaji, programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye simu au kompyuta, tena kwa Kiswahili cha watu, siyo kile cha kutafuna changarawe. Ilikuwa programu huria. Yeyote aliichukua bure, na aliyejua kazi hiyo aliruhusiwa kuifungua, kuirekebisha na kuirudisha kwa wenzake. Waliojitolea kuiandika walikuwa wachache na wote wanaona. Walimwita mkewe Bosi kwa utani, jina ambalo Mwalimu alilibeba hadi nyumbani akaligeuza la mapenzi. Walioitumia walikuwa wengi na hawaoni, na kila walipokwama walikimbilia kwenye grupu la simu, ambako aliyewapokea alikuwa Mwalimu.

Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Lakini tangu macho yalipozima yakamtoa darasani, ilikuwa ndiyo kazi pekee ambayo watu waliamka asubuhi wakamuulizia. Alimjua kila mtu kwa sauti yake. Alijua kwamba mwenye salamu ndefu ana swali analolionea haya, na kwamba anayefoka amekwama tangu jana. Siku akichelewa kuingia, watu waliulizana kama anaumwa, na yeye, tusifichane, alipenda kuulizwa hivyo.

Bosi alikuwa na sababu zake, na hazikuwa za kubahatisha. Jibu lililotolewa kwenye grupu Jumatatu, kufika Jumatano lilikuwa limefukiwa na salamu na pole, na swali lilelile likaulizwa upya. Kubwa zaidi, namba za watu zilikuwa wazi. Kulikuwa na mwanamke anayefundisha watoto kupiga kinanda, wote wakimwita Dada Kinanda, ambaye wanaume asiowajua waliokota namba yake humo wakawa wanampigia kumwambia upuuzi. Alikuwa amebadilisha namba mara mbili. Baraza la mtandaoni, ambako mtu huandika kwa jina alilojichagulia na jibu hubaki mahali pake likatafutwa na kupatikana, lingemaliza yote hayo. Shirika moja lilikuwa tayari kulipia seva mwaka mzima na kumpa Bosi posho, ili apunguze vibarua vya jioni, sharti msaada uwe umehamia huko kufikia Ijumaa.

"Na mimi niko wapi kwenye hilo baraza?" Mwalimu aliuliza.

"Wewe ndiye msimamizi. Jina lako ndilo la kwanza. Kesho jisajili tu, ni dakika mbili."

"Umelijaribu na Msomaji?"

"Mara tano. Limesomeka lote, hadi nukta. Mhandisi amefanya kazi nzuri sana, Mwalimu, ungemsikia."

Mhandisi alikuwa mmoja wa wanaojitolea, anaishi mji mwingine, na ndiye aliyelichagua baraza hilo na kulisimamisha usiku kwa usiku baada ya kazi yake ya mchana. Mwalimu akasema vizuri, hongereni. Alikuwa na furaha ya kweli, na kwa mbali wasiwasi wa mtu anayehamishwa kituo.

*

Asubuhi nyumba ilipotulia alijisajili. Jina likakubali, anwani ikakubali, neno la siri likakubali. Kisha Msomaji akasema, kwa ile sauti yake ya upole isiyojua inachosema: "Thibitisha kwamba wewe si roboti." Mwalimu akagusa. "Picha," Msomaji akasema. "Picha. Picha. Picha." Akapapasa skrini kutoka juu hadi chini, na kila kidole kilipotua palikuwa na picha, wala hapakuwa na neno la kusema ni picha ya nini.

Palikuwa na kitufe cha kusikiliza badala ya kuangalia. Akakibonyeza. Mtu akaanza kutaja namba kwa lugha ya kigeni, na nyuma yake kukawa na kelele kama ya mashine ya kusaga. Mwalimu lugha ile aliifundisha miaka mingi. Akasikiliza, akaandika, akakosea. Akasikiliza tena simu ikiwa imegandamizwa sikioni, akakosea. Mara ya tatu akaambiwa muda wake umekwisha, na yote aliyojaza yakafutika.

Akajikaza. Dada yake mkubwa, aliyeishi nao na kushona nguo barazani pa nyumba, alikuwa anapiga cherehani na kuimba. Mwalimu akatoka akampa simu. Dada mtu akasoma kwamba anatakiwa achague picha zote zenye bomba la zimamoto.

"Bomba la zimamoto likoje?" akauliza.

"Lile la kando ya barabara. La kuchotea maji ya kuzima moto."

"Mimi barabara yetu naijua, haina bomba. Hapa kuna kitu kimesimama kama mtungi wenye masikio. Ndicho?"

"Nitajuaje, Dada?"

Wakacheka wote wawili mpaka cherehani ikasimama. Dada mtu akabonyeza kwa kubahatisha, akaletewa pikipiki, akazimaliza, akaletewa ngazi, na mwishowe mlango ukafunguka. Mwalimu akaingia kwenye lile baraza la mtandaoni akasoma mpaka mchana, na kweli palikuwa pazuri, pamepangwa, kila swali na jibu lake. Alijiona kama mtu aliyepewa maktaba.

Kesho yake, Jumatano, simu ilikuwa imemsahau. Picha zilezile, pale pale. Dada mtu alikuwa na pini mdomoni, anampima mteja kiuno, na mteja akajitolea yeye: lete hapa, baba, mwanangu huu mchezo anaupenda. Akawa anabonyeza huku akisoma kwa sauti kila kilichotokea kwenye simu, hadi salamu ambazo Mwalimu alikuwa ameandikiwa na watu wengine. Alipomaliza hakumrudishia mwenye simu. Alimpa dada mtu, akasema, "Mwambie nimemmalizia," kana kwamba Mwalimu alikuwa chumba kingine.

Mwalimu akasema asante. Akarudi ndani, na alipogusa skrini akakuta yule mama alikuwa amefunga ukurasa.

Jioni dada mtu alimfuata jikoni akamuuliza kama mkewe anajua. Mwalimu akamwambia asimwambie, yeye atazoea, ni ugeni tu. Na hapo ndipo penye ajabu ya binadamu: mtu aliyewafundisha mamia kuomba msaada bila haya, mwenyewe alikuwa anakufa na tai shingoni.

*

Bosi alirudi amechangamka. Watu arobaini wameshajisajili, akasema, lakini wanamuuliza msimamizi yuko wapi. Mwalimu akasema alikuwa na shughuli. Shughuli gani, mkewe hakuuliza. Alifungua kompyuta akaanza kumsomea. Kuna mtu ameandika kwamba Msomaji ameanza kuzisoma namba moja moja badala ya kutaja kiasi, na Mhandisi amemjibu aangalie alama nyekundu iliyo juu kulia.

"Kwa asiyeona?" Mwalimu akasema. "Mwambie ateremshe vidole vitatu mpaka asikie neno 'tarakimu', halafu aguse mara mbili. Na ahakikishe ameondoa toleo la zamani kwanza, hayo mawili yakikaa pamoja yanagombana."

Bosi akaandika upesi upesi, vidole vyake vikidonoa. Haikupita hata nusu saa majibu yakaanza kumiminika, akamsomea huku anacheka: asante Bosi, Bosi huna mpinzani, bila wewe tungekuwa wapi. Kwa kuwa aliyeandika ni yeye, na jina lililokaa pale ni lake. Mwalimu naye akacheka.

"Hao arobaini," akauliza baadaye, "wangapi hawaoni?"

Vidole vikasimama. "Sijui. Hawakuandika."

"Opereta yumo? Dada Kinanda?"

"Wataingia tu, Mwalimu. Watu huwa wanachelewa." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu asubuhi: "Nisaidie basi kuwahimiza. Shirika linahesabu vichwa. Wakiona grupu limejaa na baraza ni tupu, tumekwisha."

Angeweza kusema pale pale. Neno lilimfika mdomoni. Lakini alikumbuka alivyomsikia akihesabu vibarua vya mwezi, na jinsi alivyolitaja jina la Mhandisi kwa fahari, akalimeza. Akasema atawahimiza.

*

Alhamisi asubuhi alishika simu awahimize, akakuta wamemtangulia. Wa kwanza alikuwa opereta, kwa salamu zake ndefu. Alisema anaomba radhi kwa usumbufu, huenda ni yeye tu asiyeelewa mambo haraka, lakini ameshindwa kuingia barazani. Alimwomba mkuu wake wa kazi amsaidie na mkuu akamwambia kwamba kama hajui kutofautisha basi na lori, simu za hospitali anaziunganishaje. "Sasa Mwalimu," opereta akamaliza, "wewe uliingia vipi? Nipe hiyo njia yako."

Ujumbe ule ulikaa bila jibu, na Mwalimu alijua watu wote wanausikiliza na wanasubiri. Angeweza kusema ni rahisi, tafuta mtu akushikie. Angeweza kusema atamtafutia njia. Badala yake alibaki anafikiria kitu kimoja tu, kwamba tangu Jumanne opereta alikuwa anajiona mjinga, na yeye Mwalimu alikuwa na dawa ya ujinga huo mfukoni akainyima. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Mimi sijaingia," akasema. "Dada yangu aliniingiza mara moja, ikanitoa. Mteja wa dada yangu akaniingiza, ikanitoa. Peke yangu sijaweza hata siku moja. Siyo wewe, opereta. Ni mlango."

Kisha simu ikaanza kutetemeka na haikutulia. Huyu aliomba mwanawe akakataa, yule aliomba jirani na jirani akataka kujua neno lake la siri. Mmoja alikuwa wakili, alijifungia ofisini siku nzima na namba zile za mashine ya kusaga, na hakumwambia mtu. Kila mmoja alikuwa amekaa na aibu yake akidhani ni ya kwake peke yake, kwa sababu Mwalimu alikuwa kimya, na Mwalimu akiwa kimya ina maana wengine wameweza. Alizisikiliza sauti zile hadi mwisho. Alijisikia vibaya kuliko siku yoyote tangu atoke darasani.

Dada Kinanda alikuwa wa mwisho. Hakulalamika juu ya picha. "Mimi pia nimeshindwa," alisema. "Lakini naomba msije mkasema basi turudi hapa tulipo. Jana kuna mtu amenipigia anaijua hadi siku yangu ya kufundisha. Tengenezeni ule mlango. Hapa mimi sikai."

*

Bosi alikuwamo grupuni kama wengine. Aliingia nyumbani bila salamu, na Mwalimu alisikia mkoba ukianguka sakafuni badala ya mezani. Dada mtu akachukua kitambaa chake akahamia nje.

"Umewaambia watu mia mbili kabla hujaniambia mimi mkeo," akasema. "Nimesimama ofisini nasikiliza mume wangu akitangaza kwamba nimejenga nyumba isiyoingilika. Mhandisi amepiga simu, analia. Unajua amekesha mara ngapi akilifanyia kazi baraza lile?"

"Nilikosea kukuficha."

"Nililijaribu mimi. Mara tano, na Msomaji akiwa amewashwa."

"Ulifumba macho?"

Mwalimu alimsikia akivuta kiti, akikaa, akiinuka tena. Kisha akaanza kusema polepole, kama anayejihesabia mwenyewe: alijisajili siku ya kwanza, kabla ya yote, kwa macho yake, na mashine ikamkumbuka. Picha hazikumjia tena. Mara zote tano aliingia moja kwa moja, akazima taa ya chumba, akawasha Msomaji, akasikiliza, akafurahi. Na mkono ulikuwa kwenye kipanya, macho kwenye skrini.

"Basi," akasema. "Baraza nalifunga. Grupu linabaki. Ngoja nimpigie Mhandisi sasa hivi yaishe."

"Na Dada Kinanda?"

"Mwalimu, unataka nini wewe? Nimefungua umekasirika, nafunga umekasirika."

"Tangu Jumatatu hujaniuliza hilo." Alijaribu kuituliza sauti, ikamshinda. "Umeniambia grupu linafungwa, umeniambia mimi ni msimamizi, na sasa umeniambia baraza linafungwa. Kote huko mimi napelekwa tu. Mwanamke yule ana haki na wewe ulikuwa na sababu. Mimi baraza nalitaka. Nilikaa mle siku moja, nikasoma kama zamani. Nataka niingie kwa mlango ule ule wanaoingilia wengine, nikiwa peke yangu, saa ninayotaka. Si zaidi ya hapo."

Alimsikia mkewe akipumua puani, kama afanyavyo akizuia machozi. Baadaye akapiga simu akaiweka kwa sauti ya wazi ili wote wasikie. Mhandisi alikuwa mpole na amechoka. Akasema jaribio la picha halikuwekwa kwa ubaya, likiondolewa baraza litajaa matangazo ya kamari kufikia asubuhi. Akasema kuna mabaraza mengine, ila kuyajaribu ni kazi ya wiki nyingi na shirika halitasubiri. Na baada ya yote, akasema, ni kuomba msaada mara moja tu, nyumba gani haina mtu anayeona.

Mwalimu akaomba kusema. "Kwako choo kina mlango?"

"Kina," Mhandisi akasema, akishangaa.

"Ukitaka kuingia unamwita jirani aje akufungulie? Halafu kesho tena? Hata kama ni jirani mwema?"

Hatimaye Mhandisi akasema amesikia. Hakusema amekubali, na alikata simu kwa heshima.

*

Ijumaa Bosi hakwenda kazini. Alimwomba Mwalimu aje kwenye meza yake, akaweka kiti cha pili, akajitoa kwenye baraza ili mashine isimjue, akazima skrini. Mwalimu akamsikiliza akijaribu kwa Msomaji peke yake. Jina, anwani, neno la siri. "Picha," Msomaji akasema. "Picha. Picha." Alirudia tangu mwanzo mara kadhaa. Alijaribu na zile namba, akagonga meza kwa ngumi. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Mwalimu hakuwahi kuisikia kwake, hapa mtu anafanyaje.

"Sijui," Mwalimu akasema. "Mimi huwa naishia hapo."

Bosi akawasha skrini akaandika kwa shirika, akimsomea mumewe kila sentensi kabla ya kuendelea. Kwamba baraza lililochaguliwa halifai na linafungwa leo. Kwamba jingine litachaguliwa na wanaolitumia, wasioona, wakiongozwa na mume wake, na hakuna litakalopita kabla hawajaliingia wenyewe. Kwamba tarehe hawawezi kuitaja. Aliposoma sentensi ya posho, kwamba wanaelewa huenda ikaondoka, sauti yake haikutetemeka, ila alimshika mume wake mkono akaubana sana. Alituma. Shirika lilijibu kabla ya chakula cha mchana kwamba linaheshimu uamuzi wao na linaufunga mfuko.

Mwalimu ndiye aliyelitangazia grupu. Alisema yote, bila kupamba: baraza limefungwa, fedha zimekwenda, grupu linabaki kwa muda, na sasa uchaguzi ni wao. Furaha iliyofuata hakuitegemea. Opereta alicheka hadi akakohoa. Wakili alitaka watungiwe sheria za kujaribu, kwamba kila baraza lipimwe na watu watatu wasiojuana. Watu walipongezana, walimwombea Bosi heri, wakamwita Mwalimu jemadari wao, naye akaachia uso ufunguke kwa mara ya kwanza wiki ile.

Katikati ya shangwe Msomaji akasema, kwa upole wake uleule, "Mshiriki mmoja ameondoka."

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Shangwe iliendelea, hakuna aliyesikia, au waliosikia hawakujali. Mwalimu akaitafuta namba ya Dada Kinanda, akapiga. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena ingawa alijua, akangoja mpaka yule mwanamke wa kurekodiwa akamaliza kusema kwa lugha zote mbili.

"Nani?" Bosi akauliza kutoka mezani.

Akamwambia. Mkewe akasema wapumzike, wiki ilikuwa ndefu, Jumatatu wataanza kuyajaribu mabaraza mengine wakiwa na akili iliyotulia.

Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa kwenye kile kiti cha pili.

"Zima skrini," akasema. "Tunaanza sasa."